Nyayo Kumi na Moja

Zilifika kwa simu ya Bi Shamsa Godana, adhuhuri,
Kariokor ikinuka ngozi na nyama ya kuchoma:
picha za nyayo, zimechorwa kwa kalamu ya risasi
(jina baya; tangu siku hiyo nasema penseli),
na kando ya kila unyayo, kibiriti,
tupate kukisia ukubwa.
Je, kibiriti cha huko ni kirefu kama cha hapa?
Tulibishana nusu saa.

Yatima sita wa Kipalestina, kambi moja.
Baba zao wako kwenye orodha nyingine.

Akina mama wa Pumwani walikuwa wamechanga,
hamsini hamsini, noti nyingine za vitumbua
zingali na mafuta.
Zikatosha ngozi, zikatosha soli na gundi.
Hazikutosha uzi.

Nyokabi wa viondo akasimama mlangoni:
"Na wa hapa je?
Mtoto wa Gikomba anakanyaga vigae pekupeku
na hujawahi kumchora."
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Akaenda zake amenuna,
akarudi na kibonge cha uzi mweusi.
"Ni deni," akasema. "Naandika."

Nikakata.
Layan, miaka minne: kidole gumba hakikutulia,
mstari umetetemeka pale.
Siwar: vidole vimebanana kama kunde ndani ya ganda.
Nidal, mkubwa wao, amejichora mwenyewe,
akaandika jina lake kwenye kisigino,
na chuo cha utotoni kikanisaidia kulisoma.
Kila mmoja nikamzidishia nusu inchi,
maana viatu vitakuwa njiani
na watoto hawasubiri posta.
Wa mwisho, Yamen: unyayo wa kushoto.
Basi.

Odera, mwanagenzi wangu, akapekua simu juu, chini.
"Fundi, wa kulia uko wapi?"
Nikajifanya natafuta sindano.
Bi Shamsa akauliza kwa ujumbe.
Tiki moja ya kijivu. Siku mbili, tiki moja.

Hiyo subira naijua.
Soko hili limebeba jina la wapagazi
waliotwishwa mizigo ya vita visivyo vyao.
Babu wa mama yangu alikuwa mmoja wao:
aliondoka na miguu yake miwili
halikurudi hata jina.
Bibi yangu alilelewa kwa uji wa majirani wa Pangani,
kata moja nyumba hii, kata moja nyumba ile,
hadi akaota meno ya ukubwani.
Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe.
Asiye na mzazi aeleke nini,
hilo walituachia sisi.

Usiku wa Jumatano nikamaliza cha kushoto.
Nikageuza karatasi, nikaiweka juu ya ngozi,
nikaufuata mstari uleule kinyumenyume.
Odera akaniangalia.
"Na kama haupo?"
"Viatu huzaliwa pacha," nikamwambia,
nikaigonga misumari kwa nguvu
asije akauliza tena.

Alhamisi jibu likaja, la shangazi yao.
Bi Shamsa alilisoma mara mbili, sauti ikimpanda:
*Karatasi iliisha. Mguu upo.
Sasa hivi anakimbiza mpira.*

Tukacheka. Nyokabi alipiga kigelegele
kama aliyeposewa binti.
Mimi nikageukia ukutani.
Sikuwahi kudhani nitamlilia mtu
kwa kupungukiwa na karatasi.

Ijumaa tulifungasha.
Kiatu kipya hujazwa magazeti ya jana
kisipoteze sura.
Lakini magazeti ya jana yana picha za kwao.
Odera akavuka barabara na pesa yake ya chai,
akarudi na daftari, kurasa tisini na sita.
Tukazichana polepole, kwa rula,
tukazikunja zisikunjamane,
tukazisukuma hadi vidoleni,
kila kiatu na kurasa zake tupu:
za kushoto, na za kulia.